Msitu Uliopandwa na Watumwa

Wengi wenu mmekwisha kuiona picha ya Kristo Mkombozi, sanamu ile kubwa isimamayo juu ya mlima katika mji wa Rio de Janeiro, nchi ya Brazili. Bwana wetu amenyosha mikono yake, na mji pamoja na bahari viko chini yake. Picha hiyo yaonekana katika kalenda na katika nyumba nyingi za Wakristo. Lakini ni wachache waliotazama kitu kilicho kati ya sanamu na mji, yaani msitu. Mlima ule wa Corcovado, wenye kimo cha meta 710, na milima iliyo jirani yake, imefunikwa na msitu mzito wenye miti mirefu, kamba za porini na maporomoko ya maji. Jina lake ni msitu wa Tijuca.

Mgeni aufikaye hudhani kwamba msitu ule umekuwapo hivyo tangu Mungu alipoumba ulimwengu. Sivyo. Sehemu yake kubwa ilikatwa, ikachomwa, ikageuzwa kuwa mashamba ya kahawa. Baadaye ikapandwa upya kwa mikono ya watu. Nao waliotangulia kuipanda walikuwa watumwa.

Habari hii yatuhusu sisi watu wa Kongo kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi nasi tumepewa msitu, tena mkubwa kuliko ule. Ya pili, watumwa wengi wa mji wa Rio walitolewa katika nchi zetu. Basi tuisimulie habari yenyewe tangu mwanzo.

Picha iliyo katika nyumba ya makumbusho

Katika mji wa Rio kuna nyumba ya makumbusho ya sanaa, Museu Nacional de Belas Artes. Kati ya picha zinazohifadhiwa humo kuna moja iliyochorwa yapata mwaka 1843 na Mfaransa aitwaye Félix-Émile Taunay. Jina lake lamaanisha hivi: Msitu usioguswa unaogeuzwa kuwa makala.

Picha hiyo imegawanyika sehemu mbili. Upande mmoja twaona msitu kama ulivyokuwa: miti minene, giza la majani, kamba zinazoning'inia, ubichi wa maji. Upande wa pili mlima ni mtupu. Miti imelala chini, moshi unapanda, na mwanga wa jua unapiga ardhi isiyo na kivuli. Watu wanaofanya kazi pale wamechorwa wadogo sana, hata mtu apitaye upesi hatawaona. Ni watumwa. Wanakata, wanapanga magogo, wanachoma makala kwa ajili ya mafiga ya mji.

Mwenye kuichora picha hii hakuwa mgeni wa siku mbili. Taunay alizaliwa mwaka 1795, akafika Brazili mwaka 1816 pamoja na baba yake, Nicolas-Antoine, aliyekuwa mchoraji pia. Walikuwa katika kundi la Wafaransa walioletwa kuanzisha shule ya sanaa. Jamaa hiyo ilijenga nyumba yake huko Tijuca, karibu na poromoko la maji ambalo hata leo laitwa kwa jina lao, Cascatinha Taunay. Basi kijana yule alikaa miaka mingi penye msitu, akaona kwa macho yake jinsi shoka lilivyopanda mlima mwaka hata mwaka.

Toka mwaka 1834 mpaka 1851 Taunay alikuwa mkuu wa Akademia ya sanaa ya Rio. Wakati wa uongozi wake, kuanzia mwaka 1840, Akademia ilifungua maonyesho makubwa kwa watu wote. Tena alikuwa mmoja wa walimu wa mtoto Pedro, aliyerithi ukaisari wa Brazili mwaka 1831 akiwa na miaka mitano tu. Hatusemi kwamba picha moja iliufufua msitu. Twasema tu kwamba Kaisari Pedro wa Pili, ambaye serikali yake iliamuru msitu upandwe tena, alikuwa amefundishwa na mtu aliyejua kuutazama.

Jinsi kahawa ilivyopanda mlima

Kahawa si mmea wa Brazili. Kwao ni huku kwetu Afrika. Iliingia Brazili kwa upande wa kaskazini, jimbo la Pará, mwaka 1727, nayo ilifika Rio yapata mwaka 1760. Watu wa Rio husimulia kwamba miche ya kwanza ilipandwa katika bustani ya mapadri Wakapuchini. Kwa miaka mingi ilikuwa mmea wa bustani tu.

Mambo yaligeuka mwaka 1808. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameingia Ureno, na jamaa ya kifalme ikakimbilia Rio pamoja na maelfu ya watu wake. Mji mdogo ukawa makao ya mfalme. Ukahitaji mbao, kuni, makala, chakula. Wakati uo huo watu wa Ulaya walikuwa wakinunua kahawa zaidi na zaidi. Kisiwa cha Saint-Domingue, ambacho leo sehemu yake ya magharibi ni nchi ya Haiti, kilikuwa kimetoa kahawa nyingi kuliko nchi zote. Lakini watumwa wake walikuwa wameasi na kujikomboa, na mashamba yake yakaanguka. Baadhi ya mabwana waliokimbia kutoka kule walikuja Rio na ujuzi wao wa kilimo. Milima ya Tijuca ilikuwa na baridi nzuri, mvua ya kutosha, tena ilikuwa karibu na bandari. Wenye mali wakaigawanya.

Kazi ilifanyika hivi. Kwanza walikata miti yenye mbao nzuri. Iliyobaki wakaichoma makala, au wakaiteketeza papo hapo. Kisha wakapanda mibuni katika majivu, kwa mistari iliyonyoka kutoka chini mpaka juu ya mlima. Miaka ya kwanza mavuno yalikuwa mengi, maana majivu na majani yaliyooza ya karne nyingi yalikuwa yamenenepesha udongo. Lakini ile mistari iliyonyoka ilikuwa kama mifereji. Kila mvua iliposhuka ilichukua udongo. Baada ya miaka kama ishirini mibuni ilidhoofika, na bwana shamba akatafuta mlima mwingine. Hivyo kahawa ikauacha mji wa Rio, ikaingia bonde la mto Paraíba, ikafanya kule yale yale. Ilikuwa imekwisha kuwa mali kubwa kuliko zote zilizouzwa ng'ambo na Brazili.

Na nani alifanya kazi hiyo? Katika bandari ya Rio, mahali paitwapo Valongo, palijengwa gati la mawe mwaka 1811. Wataalamu wanakadiria kwamba Waafrika karibu 900,000 walishushwa hapo. Walio wengi walitolewa pwani ya Kongo na Angola, katika bandari kama Cabinda, Luanda na Benguela, na wengi wao walikuwa wametekwa mbali ndani ya nchi. Wengine walitoka upande wa mashariki, Msumbiji. Katika vitabu vya biashara majina ya jamaa zao hayakuandikwa. Waliitwa tu Congo, Cabinda, Benguela, Moçambique, kama vile mtu aandikavyo gunia kwa jina la mahali lilikotoka.

Lazima tuseme kweli: waliowanunua walikuwa wabatizwa kama sisi. Walisali, walijenga makanisa, tena walisikia Injili kila Dominika. Mwaka 1839 Baba Mtakatifu Gregorio wa Kumi na Sita aliihukumu biashara ya watumwa kwa barua ya wazi. Sheria ya Brazili yenyewe ilikuwa imekwisha kuikataza mwaka 1831. Lakini faida ya kahawa ilikuwa tamu, na meli ziliendelea kuja kwa siri mpaka mwaka 1850.

Tena mwaka 1843, wakati ule ule Taunay alipokuwa akichora picha yake, Kaisari alimngojea bibi-arusi wake, Teresa Cristina, kutoka Ulaya. Gati la Valongo likafunikwa kwa mawe mengine mazuri, apate kupita kwa heshima. Mwaka 1911 mahali hapo pakafukiwa tena. Mawe ya zamani yalilala chini ya mji, watu wakasahau. Mwaka 2011, mafundi walipokuwa wakitengeneza mitaa ile, wakayakuta, na mwaka 2017 UNESCO ikaliandika gati hilo katika urithi wa dunia. Ardhi ilitunza ushahidi ambao watu walitaka uzikwe.

Mji wenye kiu

Maji ya Rio yalitoka milimani. Mto Carioca, ambao umewapa wenyeji wa mji jina lao, waanzia katika mabonde ya Corcovado. Maji yake yaliletwa mjini kwa mfereji uliojengwa juu ya matao makubwa ya mawe, uliokwisha mwaka 1750. Watu walichota katika visima vya uwanjani, au walituma watumwa kuchota.

Kila mtu aliyezoea msitu ajua jinsi utunzavyo maji. Mvua haipigi ardhi moja kwa moja. Inapokewa na majani, inashuka polepole, inaingia katika tabaka la majani yaliyooza lililo kama sifongo, inafuata mizizi, mwishowe yatoka chini kama chemchemi, hata miezi ya kiangazi. Ukiondoa miti, maji yale yale yatapita mbio siku moja yakiwa mekundu kwa udongo, na kesho hakuna kitu. Ndivyo ilivyokuwa Rio. Wakati wa mvua matope yalishuka. Wakati wa kiangazi visima vilikauka. Ukame mkali wa miaka 1843 na 1844 uliwatisha wakubwa wa serikali, na mwaka 1844 waziri mmoja akashauri kwamba serikali itwae mashamba yaliyo penye chemchemi.

Ushauri ulikuwa mwema, ila haukutimizwa upesi. Wenye mashamba walikuwa watu wenye nguvu. Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla ya serikali kuanza kuyanunua mashamba hayo. Wahenga husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Rio haikuziba ufa, ikawa lazima kujenga ukuta mzima.

Watu sita

Tarehe 11 Desemba 1861 serikali ya Kaisari ilitoa amri juu ya kupanda na kulinda misitu ya Tijuca na ya Paineiras. Kwa Tijuca aliwekwa msimamizi jina lake Manuel Gomes Archer, mwenye cheo cha meja, aliyekuwa na shamba huko Guaratiba na kuijua miti vizuri. Alianza kazi mwezi wa Januari mwaka 1862. Habari zilizohifadhiwa zasema kwamba aliianza na watumwa sita. Majina yao ni haya: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo, na mwanamke mmoja, Maria.

Tusimame kidogo hapa. Milima mizima imekauka, mawe yako nje, nyasi kavu na vichaka vimetawala. Na watu waliopewa kazi ya kuirudisha ni sita, nao si wenye nafsi zao. Baadaye waliongezwa wafanyakazi wengine, hata wa mshahara. Lakini mwanzo ulikuwa ule.

Miche haikutoka mbali. Archer aliitwaa katika shamba lake na katika sehemu za msitu zilizokuwa hazijaguswa, hasa miti ya nchi ile ile. Ilichimbuliwa, ikabebwa mpaka mlimani, ikapandwa, ikapaliliwa ili isisongwe na nyasi. Mingi ilikufa, wakapanda mingine mahali pake. Hakuna mashine iliyowasaidia. Katika miaka ya Archer, mpaka 1874, ilipandwa miti zaidi ya 60,000. Aliyemfuata, Baroni Gastão d'Escragnolle, aliendelea mpaka mwaka 1888, akaongeza makumi ya maelfu mengine, akatengeneza pia njia, madaraja na mahali pa kupumzikia, hata Tijuca ikawa msitu na bustani pamoja.

Wala tusidhani kwamba kila mti wa Tijuca ulipandwa na mtu. Mahali pengi msitu ulirudi wenyewe, baada ya serikali kuyatwaa mashamba na kukataza shoka. Ndege na popo walileta mbegu kutoka mabonde ambayo hayakukatwa. Miti iliyopandwa ilitoa kivuli, na katika kivuli ikaota miti ambayo hakuna aliyeipanda. Hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu anavyofanya kazi pamoja na mwanadamu: mtu alianza, viumbe wengine wakamaliza. Lakini bila ulinzi huo, na bila mabonde yale yaliyobaki, mbegu zingetoka wapi?

Mwaka huo huo wa 1888, tarehe 5 Mei, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazili barua juu ya kufutwa kwa utumwa, na tarehe 13 Mei sheria ikatoka, watumwa wote wakawa huru. Wakaachwa huru pasipo shamba, pasipo fidia. Msitu waliokuwa wameuanzisha ulikuwa sasa na umri wa miaka ishirini na sita.

Baada ya Kaisari kuondolewa mwaka 1889, msitu ulisahauliwa kwa muda mrefu, njia zikaota majani. Mwaka 1943 tajiri mmoja mpenda sanaa, Raymundo Ottoni de Castro Maya, alipewa kazi ya kuutengeneza, akaifanya kwa mshahara wa cruzeiro moja tu kwa mwaka. Kikanisa cha Mayrink kilichomo msituni kilipambwa wakati huo kwa picha za mchoraji mashuhuri Candido Portinari. Mwaka 1961 msitu ukafanywa hifadhi ya taifa, na leo hifadhi hiyo ina ukubwa wa hektari karibu 3,950, katikati ya mji wenye watu mamilioni. Humo imejengwa nyumba ya kupokea wageni, yenye maonyesho yanayowaeleza habari za kahawa, za ukame na za upandaji. Ni kama picha ya pili inayoijibu ile ya Taunay.

Msitu usio na wanyama

Je, yote yamerudi? Hapana, na jambo hili yafaa tulisikie vizuri.

Miti ilirudi, lakini wanyama wengi hawakurudi. Walikuwa wamewindwa, au wamekosa pa kukaa, na mji uliozunguka msitu uliwafungia njia. Wataalamu wa Brazili waligundua kwamba msitu wa namna hiyo ni mzuri kwa macho, lakini ndani yake una ugonjwa. Miti mingi ya misitu ya mvua ina mbegu kubwa, zisizoweza kupeperushwa na upepo. Zahitaji tumbo au meno ya mnyama azipeleke mbali. Mnyama asipokuwapo, mbegu huanguka chini ya mama yake na kuoza palepale. Mti mzee ukifa, hauna mrithi.

Kwa sababu hiyo walianza kuwarudisha wanyama. Zamani kidogo, kati ya miaka ya 1960 na 1970, walirudishwa ndege waitwao toucan, wenye mdomo mkubwa kama hondohondo wetu. Tangu yapata mwaka 2010 akarudishwa cutia, mnyama mdogo afananaye kidogo na ndezi, mwenye desturi ya kufukia mbegu ardhini kama akiba na kusahau baadhi yake. Mwaka 2015 wakarudishwa kima wangurumao, ambao sauti yao ilikuwa haijasikika msituni kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Kima hao hula matunda na kuangusha mbegu pamoja na mavi. Wadudu wavingirishao mavi huzifukia chini. Mwaka 2020 akafuata kobe. Tazameni jinsi vitu vidogo vilivyofungamana: kima, mavi, mdudu, mti.

Kuna na kosa jingine lililobaki. Pamoja na miti ya kienyeji iliingizwa pia miti ya mbali, kama mfenesi kutoka Asia. Mfenesi ulipenda mahali pale kupita kiasi, ukazaa sana, ukaanza kuisonga miti ya kwao, na wasimamizi wamelazimika kuupunguza. Tena chini ya kivuli mgeni huona hapa na pale mbuni mwembamba umeota wenyewe. Kahawa iliyouangamiza msitu haijatoka kabisa.

Wataalamu waliopima misitu inayoota upya katika mahali 77 pa Amerika ya joto na Afrika ya Magharibi walitangaza mwaka 2021 mambo waliyoyaona. Udongo waweza kupona katika miaka kama kumi. Wingi wa aina za miti warudi katika miaka kama 25 mpaka 60. Lakini uzito wa miti, na aina zile zile za msitu wa kale, zahitaji miaka zaidi ya 120. Na hayo ni mahali ambapo msitu mwingine uko jirani na ardhi haikuharibiwa mno. Nchini Brazili msitu ule mkubwa wa pwani, ambao Tijuca ni kipande chake kidogo, umebaki kama sehemu moja tu katika sehemu nane za ukubwa wake wa zamani.

Yatuhusu nini sisi?

Baada ya Amazonia, msitu wa bonde la Kongo ndio mkubwa kuliko yote ya nchi za joto. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliitaja miwili hiyo pamoja kama mapafu ya dunia. Sifa hiyo ni kubwa, lakini sifa haipiki ugali. Huku kwetu waukatao msitu kwa sehemu kubwa si mabwana wa kahawa. Ni mama mwenye jembe anayetafuta udongo wenye rutuba. Ni kijana anayechoma makala apate karo ya shule ya wadogo zake. Makala hayo ndiyo yanayotupikia sisi tunaokaa mjini, nasi tunaosoma maandiko haya tumekula leo chakula kilichopikwa nayo. Basi tusiwanyoshee kidole walio mlimani tukijisahau wenyewe.

Hata hivyo habari ya Tijuca yatufundisha mambo matatu.

La kwanza, hesabu ya miaka haifanani. Milima ya Tijuca ilivuliwa nguo katika maisha ya mtu mmoja. Kuivika tena kumechukua miaka zaidi ya 160, na kazi haijaisha. Mwenye kusema, tukate sasa, tutapanda baadaye, hajui maana ya neno baadaye.

La pili, msitu hurudi kwa msaada wa msitu. Archer alipata miche kwa kuwa palikuwa na mabonde yaliyosalia. Kwa hiyo kila kipande kinachobaki, hata kile kidogo kilicho penye kijito cha kijiji au penye makaburi ya wazee, ni ghala ya mbegu. Tusikidharau. Huko Yangambi, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933, imehifadhiwa mimea mikavu zaidi ya 100,000 iliyoandikwa majina yake. Ni hazina ya wenye kutaka kujua ni mti gani ulikuwa wapi.

La tatu, tuwahesabu watu. Katika picha ya Taunay watumwa ni wadogo kama siafu. Katika historia ya msitu pia walikuwa wadogo hivyo kwa miaka mingi: sifa alipewa Kaisari, meja, baroni. Sisi nasi tuna watu wadogo wa namna hiyo. Katika hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kazini, wakaacha wajane na yatima. Kuna na wale wanaoatika miche katika bustani za vijiji kwa malipo kidogo, au bila malipo. Msitu unaolindwa kwa kuwadhulumu watu bado una deni mbele ya Mungu.

Sanamu ya Kristo Mkombozi ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931, kwa sadaka za Wakatoliki wa Brazili. Mamilioni wamekwisha kupanda mlima kuitazama, nao wote wamepita katika kivuli cha msitu. Alipoinyosha mikono yake pale, Bwana wetu aliinyosha juu ya mji, juu ya bandari ya Valongo, na juu ya miti iliyopandwa na Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, tuwataje na hao. Na mwenye shamba kando ya msitu aache mti mmoja mkubwa umesimama kwa ajili ya mbegu.